Dhamana ya Mtani

Nilipoulizwa kama ningekubali kuwa mkalimani wa boma, nilisema ndiyo kabla karani mkubwa hajamaliza kuuliza. Hakunilazimisha mtu. Alikuja mpaka mlangoni mwa stoo nilimokuwa nikifanya kazi, kofia mkononi, akaniambia kwamba mkalimani wa Kimwera amekimbilia kwao Ruangwa kwa kuwaogopa watu wa cheni, wahuni wa pale mjini, na kwamba Bwana Shauri, yule Mzungu aliyesikiliza kesi, hawezi kupokea maombi ya dhamana kutoka kwa wazee wasiojua Kiswahili bila mtu wa kumfasiria. "Ukiona kazi nzito, sema tu, nitatafuta mwingine," alisema. Maneno hayo nayakumbuka kuliko mengine yote ya mwaka ule, maana yalikuwa mlango ulioachwa wazi. Ningemjibu kwamba mmoja wa waliofungwa katika msako wa siku zile ni rafiki yangu ninayelala naye chumba kimoja, kwa hiyo haifai, na mambo yangeishia pale. Lakini nilikuwa kijana niliyetoka sekondari juzi juzi, Kiingereza kikiniwasha ulimini kama pilipili, na nilitaka nionekane bomani. Tena nilijidanganya kwamba nikisimama karibu na meza ya Mzungu nitapata nafasi ya kumsaidia Gaudensi.

Kilichonirudisha huko ni msiba. Mwezi uliopita tulimzika Mzee Athumani hapa Nachingwea. Alikuwa mpishi wa kambi yetu enzi za karanga, Waingereza walipofyeka pori hapa ili kulima karanga, na ndiye aliyekuwa amebaki kati ya wale niliokula nao. Alikuwa Mmwera kama mimi, kwa hiyo Wangoni wa hapa mjini walikuja kama watani wanavyokuja msibani. Mmoja alijilaza ndani ya kaburi akasema hatoki mpaka aletewe jogoo. Mwingine alivaa kanzu ya marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akilia, "Mwizi wa nyama huyu! Mfukieni haraka kabla hajafufuka akafunua masufuria!" Waombolezaji walicheka huku machozi yakiwatoka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Zamani Wangoni waliwapiga babu zetu, wakachoma vijiji, wakateka watu. Kisha yakaja mapatano, na tangu hapo Mngoni na Mmwera kila mmoja ana ruhusa ya kumtukana mwenzake mbele ya watu, naye aliyetukanwa hana ruhusa ya kukasirika. Ni mapatano yenye deni ndani yake: anayekutukana ndiye atakayekuchimbia kaburi, ndiye atakayekusimamia ukiwa na shida. Siku ile ya mazishi kila mtu alilijua hilo, hata askari kijana aliyesimama jirani na kaburi akishika tumbo kwa kucheka. Mimi peke yangu niliinuka, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na majiko ya wanawake.

Chumba chetu kilikuwa cha mabati kuanzia ukutani mpaka juu, kimoja katika safu ndefu za vyumba vinavyofanana. Mchana usingeweza kuegemea ukuta. Asubuhi matone ya umande wa ndani yalituangukia usoni, na nguo zote zilinuka dizeli, hata zangu mimi nisiyegusa mashine. Gaudensi alikuwa fundi wa matrekta kutoka Songea, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama anayepita chini ya mlango wakati wote. Rozari yake ilining'inia kwenye msumari mmoja na tochi. Mkeka wangu wa kuswalia ulikaa juu ya sanduku lake la spana, na hakuwahi kuuweka chini hata alipokuwa na haraka ya kutafuta kifaa. Lakini mbele ya watu hakunipa neno moja la heshima. "Mtumwa wangu ameamka?" angeuliza mlangoni, safu nzima isikie. Nami ningejibu, "Nimeamka, mwizi wa mbuzi, nimekuja kuangalia kama umeniachia shuka." Akinikuta nakula aliniuliza kama huyo ni panya wa shambani au wa ndani. Nilimwambia kwamba panya wote waliliwa na babu zake waliposhindwa kufika baharini. Wamakonde na Wayao wa vyumba vya jirani walipenda kutusikiliza. Walisema kwa hao wawili hatuhitaji redio.

Chakula chetu cha Jumamosi tulikula kwa Bi Somoe, mjane aliyepika chini ya banda la nyasi nje kidogo ya kambi. Hapo palikuwa na ugali wa muhogo na mbaazi, na katika msimu wake palikuwa na ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo wageni waliviogopa mwanzoni na baadaye wakavigombania. Bi Somoe alivichemsha na maganda yake akatupa chumvi na pilipili kwenye jani. Ulikuwa ukikaa pale unasikia mambo yote ya kambi: nani ameachishwa kazi, trekta lipi limelala, kwamba karanga hazioti na Wazungu wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Na zaidi ya yote, ulisikia habari za Hamisi Nyapara. Hakuwa nyapara wa kitu chochote. Alijiita hivyo mwenyewe. Alikuwa mtoto wa jumbe wa vijiji vya karibu, na kundi lake lilitembea na vipande vya cheni walivyovitoa kwenye mashine za kung'olea miti, wamevizungusha kiunoni kama mkanda. Wauzaji wadogo walimpa sehemu ya kila kitu. Wafanyakazi kutoka mbali, wasio na ndugu hapa, walimpa zaidi. Wakati kundi lile linapita barabarani ulisikia cheni kwanza, halafu ukasikia kimya cha watu.

Jumamosi moja alasiri tulikuwa tumekaa kwa Bi Somoe tunamenya ming'oko wakaja. Mmakonde mmoja kutoka ng'ambo ya Ruvuma, muuza tumbaku, alikuwa ametandika biashara yake hatua chache kutoka kwetu. Hamisi aliinama akazoa tumbaku, na yule mtu akamshika mkono. Ndicho alichofanya, kumshika mkono. Hamisi alifungua cheni kiunoni bila haraka, kama mtu anayevua mkanda akalale, akampiga nayo kichwani. Kisha wenzake wakaanza kumpiga yeyote aliyekuwa karibu, na banda la Bi Somoe likaangushwa, na moto wa jikoni ukashika nyasi. Mimi nilikimbia. Nililala kifudifudi ndani ya mtaro wa maji, mdomo umejaa vumbi, nikasikia cheni zikipita juu yangu. Nilipoinua kichwa nilimwona Gaudensi anamkokota muuza tumbaku kumtoa kwenye moto, amemkumbatia kifuani, damu ya yule mtu ikiloweka shati lake la kazi. Hamisi naye alikuwa amesimama anamtazama. Walitazamana vizuri. Muuza tumbaku alifariki kabla ya jua kuzama, na watu wengine waliumizwa vibaya.

Alfajiri ya Jumatatu askari waliizingira kambi yetu na kambi mbili za jirani. Walikuja kwa malori, wengine kutoka Lindi, watu wasiotujua na tusiowajua. Waligonga mabati kwa marungu, safu baada ya safu, na kila mwanaume aliyetoka alikalishwa chini mikono kichwani. Walipofika kwetu nilikuwa tayari nimevaa. Askari aliniuliza kitu, nikamjibu kwa Kiingereza, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameniuliza kwa Kiswahili. Afisa wake Mzungu alisikia, akanitazama kuanzia viatu mpaka shati, akasema huyu aachwe. Gaudensi alikuwa nyuma yangu. Lile shati lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa lakini doa halijatoka. "Hili la nani?" Akasema, "Langu." Hakunitazama ili niseme neno, na mimi sikusema. Bi Somoe, aliyekuwa amekuja kuokota masufuria yake kwenye majivu, alisimama kando ya barabara malori yakipita yamejaa watu, akasema kwa sauti, "Mtego huu wa panya mbona umenasa na paka, na kuku, na mwenye nyumba?" Askari mmoja akamwambia, "Nyamaza, bibi." Akajibu, "Nimenyamaza tangu siku wanachoma banda langu, mwanangu. Siku ile mlikuwa wapi?"

Gereza dogo la pale lilijaa mara moja, kwa hiyo wengine wote waliwekwa kwenye ghala la karanga, jengo refu la mabati lililozungushiwa seng'enge. Karanga zenyewe hazikuwepo za kujaza hata kona moja. Walikaa mle wafanyakazi wa mikoa yote, wezi na wasio wezi, waliopigwa na waliowapiga, na wakati wa kulala walilala kwa zamu. Tuliokuwa nje tulisikia joto lile kwa pua. Wanawake walileta chakula wakakipitisha kwenye seng'enge, wakiita majina. Aliyekuwa hana mtu wa kumwita alikula alichobakiziwa. Baada ya siku kadhaa Bwana Shauri alitangaza utaratibu wa dhamana. Mtu atakayepata mwenyeji wa kumsimamia, mwenye nyumba na shamba, anayejulikana, atatoka akasubiri kesi nje. Ulikuwa utaratibu mzuri ukiusoma. Bwana Shauri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni, amehamishwa kutoka kaskazini, homa ikimtetemesha mikono, na alitaka ghala lile lipungue. Lakini niambieni, ni nani kati ya wale alikuwa na mwenyeji? Siku ya kwanza ya kazi yangu ya ukalimani Hamisi Nyapara, aliyenaswa naye katika msako ule, alitoka. Baba yake jumbe alisema kwa Kimwera kwamba mwanawe ana mke, ana shamba la mihogo, hawezi kukimbia. Nilifasiri neno kwa neno. Yote yalikuwa kweli. Wenzake wa cheni waliokuwa na baba na wajomba wa karibu walitoka kabla ya wiki kuisha. Waliobaki ni watu wa Tunduru, wa Songea, wa ng'ambo, waliokuja kufyeka pori na hawakujulikana na mtu ila nyapara wao. Nimeishi nikaona misako mingi tangu hapo, chini ya bendera mbili, na kila mara huwa nauliza swali hilo hilo: si nani amekamatwa, bali nani ana mtu wa kumtoa.

Gaudensi alikuwa na mimi. Nilimtumia salamu mjomba wangu, Mzee Mchopa wa Nkowe, ndugu mkubwa wa mama yangu, na kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye mtoto. Alimjua Gaudensi. Nilikuwa nimempeleka Nkowe wakati wa mabibo, na hao wawili walitukanana tangu walipoonana mpaka tulipoaga, wakakumbatiana njia panda kama ndugu. Nilikwenda kwenye seng'enge kumpa habari. Alikuja taratibu akishika ukuta, midomo imekauka. Kuhara kulikuwa kumeingia mle ndani na watu walikuwa wanatolewa wamebebwa juu ya milango ya mbao.

"Mtumwa wangu," aliniambia, "umenona. Bwana Shauri anakulisha nini?"

"Anakuja mjomba," nilisema. "Atakudhamini."

"Yule mzee mla panya? Atanitoa, halafu atataka nimlimie mpaka nife." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kisha akashusha sauti, na utani ukamtoka usoni. "Nikitoka nitasema, unajua. Nitakwenda kwa Mzungu mwenyewe nimwambie niliyemwona. Na wewe ulikuwepo. Tukiwa wawili watasikia."

Nilimwambia ndiyo, tutasema. Nyuma yake, kwenye kivuli cha ghala, mtu mmoja alikuwa amechuchumaa akichora chini kwa kijiti. Hakuinua kichwa.

Kesho yake nilikuwa nakula kwa Bi Somoe, aliyekuwa ameanza tena kupika bila banda, jua likimpiga mgongoni. Hamisi Nyapara alikuja akakaa mkekani mbele yangu. Hakuwa na cheni. Alinawa mikono, akamega ugali kwenye sahani yangu bila kuomba, akachovya mbaazi, akala. Bi Somoe aligeuka akachochea moto usiohitaji kuchochewa. "Mkalimani," aliniita, kwa heshima kabisa. "Watu wanakusifu. Wanasema unafasiri sawasawa, huongezi, hupunguzi. Jumbe mwenyewe amefurahi." Nilisema nashukuru. "Endelea hivyo hivyo. Mtu akisema kitu, wewe kiseme. Asichosema, usimsemee. Kwani wewe wakili?" Alimega tena. "Nasikia una mzee wako anakuja kwa baiskeli kutoka Nkowe. Njia ile ina pori kubwa. Mwambie akirudi arudi mchana." Akanawa, akamwambia Bi Somoe kwamba mbaazi zimekolea nazi, akaondoka. Sahani yangu ilibaki hapo. Bi Somoe aliichukua, akaimwagia kuku, akasema bila kunitazama, "Mwanangu, mimi sikusikia kitu. Lakini wewe una masikio."

Mjomba alifika jioni ile, miguu imepakwa vumbi jekundu mpaka magotini, kuku amefungwa nyuma ya baiskeli. Alilala kitanda cha Gaudensi. Tulikula kuku yule pamoja, na akakaa mlangoni mwa chumba akijifunza kwa sauti atakayoyasema kesho, akijichekesha mwenyewe. "Nitaanza na babu zake. Hapana. Nitaanza na shati." Safu nzima ilikuwa nusu tupu, vyumba vingi milango wazi na hakuna mtu ndani, na kicheko chake kilikwenda mbali. Kwa wazee wa aina yake haikuwezekana vinginevyo. Kumsimamia mtani wako mbele ya watu bila kumtukana kwanza ni kumkana. Kumsifu kwa uzito ni kama kumsomea wasifu wa maiti. Nilijua Mzungu hataelewa. Nilijua pale pale, nikiwa na paja la kuku mkononi. Ningesema, "Mjomba, kesho acha utani, sema tu kwamba utamleta siku ya kesi." Angenung'unika, lakini angenisikia. Badala yake nilijiambia kwamba nitaeleza mwenyewe nikiwa mbele ya meza. Kisha nikaukumbuka mkono wa Hamisi kwenye sahani yangu, nikalirudisha paja sahanini.

Ukumbi wa boma ulikuwa bado unanuka chokaa mbichi. Watu walijaa mpaka barazani. Gaudensi aliletwa akiwa amefungwa na mwingine, na alipomwona mjomba alinyoosha mgongo kidogo kwa mara ya kwanza. Bwana Shauri alijifuta uso kwa kitambaa, akaniambia nimuulize mzee huyu kama anamjua mshitakiwa na kama atamdhamini. Nikauliza. Mjomba alitoa kofia, akasogea mbele, akaanza kwa Kimwera, sauti ikijaa ukumbi:

"Kumjua? Nani asiyemjua Mngoni? Mnaishangaa damu ya kwenye shati lake? Hawa huzaliwa na damu mikononi! Babu zake waliichoma Nkowe yetu wakala mbuzi mpaka kwato. Mkimwacha hivi hivi ataichoma na Nachingwea kabla ya magharibi. Basi nipeni mimi. Huyu ni mtumwa wangu. Nitamfunga kamba bandani, nimlishe pumba, na siku mtakayomtaka nitamkokota mpaka hapa."

Ukumbi ulicheka wote. Wazee waligonga fimbo sakafuni. Gaudensi, kwa sauti iliyobaki, akajibu kwa Kimwera chake kibovu, "Msimsikilize mzee huyu. Babu yangu alimteka, akamrudisha. Alikuwa anakula sana." Wakacheka tena. Kilikuwa kicheko cha kwanza nilichosikia mjini tangu Jumamosi ile.

Nami nikafasiri. Nilifasiri yote, kwa mpangilio wake, kwa Kiingereza safi cha darasani. Nilisema kwamba mzee anasema watu hawa huzaliwa na damu mikononi. Nilisema kwamba babu za mshitakiwa walichoma kijiji chake. Nilisema kwamba akiachwa ataichoma Nachingwea kabla ya magharibi. Nilisema na la kamba na la pumba, na kwamba mzee yuko tayari kumkokota mpaka hapa. Sikuongeza. Sikupunguza. Bwana Shauri aliacha kuandika.

"Huyu ndiye mdhamini wake?"

"Ndiyo, bwana."

"Na ndivyo alivyosema, kwamba atachoma mji?"

"Ndivyo alivyosema, bwana."

Alitazama ukumbi, akanigeukia. Sura yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyesikia kwamba kuna kitu kimempita, na anauliza. "Mbona watu wanacheka?"

Nyuma kabisa, karibu na nguzo, Hamisi Nyapara alikuwa amekaa kando ya baba yake, kidevu mkononi, macho yake kwenye mdomo wangu. Neno moja lingetosha. Ningesema, ni desturi, bwana, hawa ni watani. Ningesema, huyu mzee ni mjomba wangu na hajawahi kumsimamia mtu mbaya. Ningesema hata kwamba mimi mwenyewe nilikuwepo.

"Sijui, bwana," nilisema.

Dhamana ikakataliwa.

Mjomba hakuelewa mpaka tulipofika nje. Alikuwa ameshafungua kamba ya baiskeli ili Gaudensi akae nyuma. "Wanamleta upande gani?" aliuliza. Nikamwambia imekataliwa. Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia vibaya. "Kwa nini? Nilisema yote. Mpaka siku ya kumrudisha nilisema." Akanitazama. "Mpwa wangu, ulimwambia Mzungu kwamba yule ni mtani wangu?"

"Hakuniuliza hilo, mjomba."

"Alikuuliza. Mimi sijui Kiingereza lakini nina macho. Watu walipocheka alikugeukia wewe."

Alivaa kofia yake. Alikwenda kwenye seng'enge akazungumza na Gaudensi, sijui walisema nini, maana niliposogea walinyamaza wote wawili. Hakurudi Nkowe siku ile wala siku zilizofuata. Alilala kwa Bi Somoe, akawa anapeleka uji na maji yaliyochemshwa, akipigana na askari kwa maneno ya Kiswahili aliyookoteza. Gaudensi alikufa kwa kuhara damu ndani ya ghala, kabla kesi haijatajwa hata mara moja. Mjomba aliomba maiti, akapewa. Katekista wa Kikristo alisoma, na mjomba akachimba, na nilipolishika jembe alinitoa mkono wangu kwenye mpini taratibu, kidole kimoja kimoja, kama unavyomtoa mtoto kitu kikali. Alipomaliza kufukia hakufanya mzaha hata mmoja juu ya kaburi lile. Aliniambia, "Nkowe usije," akapanda baiskeli. Alirudi mchana.

Mvua za kwanza zilipokaribia, waliobaki ghalani waliachiwa wote bila maelezo, maana hakukuwa na shahidi. Hamisi Nyapara hakufungwa kwa lolote. Aliponikuta sokoni alinipisha njia, akaniita mkalimani. Miezi mingi nililala na sanduku la spana limeegemezwa mlangoni, hata baada ya kusikia amehamia Lindi. Karanga zilikufa, kambi zikang'olewa mabati, nami nikapata kazi ya ukarani hapa hapa mjini na nikazeeka nayo. Nimekuwa mtu wa kuaminika. Wameniita kwenye mabaraza mengi kufasiri, nikakataa yote, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Mama yangu alifariki Nkowe miaka michache baadaye. Nilipata habari kwa mpita njia, akiwa ameshazikwa, maana mjomba aliamuru nisiambiwe. Mjomba naye alikufa bila kulitaja jina langu, na sehemu yangu ya mikorosho ilipewa wapwa wengine. Sijakanyaga Nkowe tangu mwaka ule. Kukubali kazi ile kulimuua rafiki yangu asiye na hatia, kulimwacha huru aliyeua, na kuliniondoa katika ukoo wangu nikiwa bado hai. Nilihifadhi ngozi yangu. Hiyo ndiyo niliyobaki nayo.